Dar hadi Tarakea bila tableti: ni malezi au ni mateso?

BabaKulwa (Jumatano usiku)
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi alfajiri tunaianza ile safari ya kila Desemba, Mbezi hadi Tarakea kule Kilimanjaro. Kiti cha nyuma wapo Kulwa na Doto, miaka sita, na mdogo wao wa miaka mitatu. Mwaka jana niliwawashia tableti Kibaha, wakaiachia Himo kwa sababu chaji iliisha. Tulipofika bibi yao akawauliza, "Mmeona nini njiani?" Kulwa akajibu, "Sungura anaendesha treni." Bibi akanitazama mimi, hakumtazama mtoto.

Sasa nimetangaza: mwaka huu hakuna skrini ndani ya gari. Mama yao anasema saa kumi bila katuni ni kuwatesa watoto na kumtesa yeye, maana anayekaa nao nyuma ni yeye. Mnasemaje? Na mnaoniunga mkono nipeni michezo, sitaki mahubiri.

MamaTatu
Jibu umelitoa mwenyewe: anayekaa nao nyuma ni yeye. Kaa wewe nyuma, yeye ashike usukani, halafu uje utusimulie. Ukifika Chalinze utakuwa unaulizia chaja.

BabaKulwa
Dada, barabara ile ina malori mengi, mimi siwezi...

MamaTatu
Huwezi nini? Malizia sentensi.

MzeeWaHale
Vijana, msigombane. Sisi tulikuwa tunatoka Korogwe hadi Dar tumepakatwa wawili wawili, na hatukuchangamshwa na mtu. Tulikuwa tunatazama mkonge. Ukiwa kwenye gari mistari ile inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga, mtoto anaitolea macho mpaka analala. Baba Kulwa, waketishe upande wa kulia. Milima ya Usambara yote iko kulia, ikiisha wanaanza Upare, hukohuko kulia.

Kidume_Segera
Mzee umechanganya, milima iko kushoto.

MzeeWaHale
Kushoto ukiwa unarudi, mwanangu.

MamaTatu
Mkonge ni dakika ishirini, mzee wangu. Zimebaki saa tisa na dakika arobaini.

Msomi_Uchwara
Hili jambo lina mwongozo. Shirika la Afya Duniani lilisema, 2017 kama sikosei, mtoto chini ya miaka mitano asizidishe saa mbili za skrini kwa siku. Sasa saa kumi mfululizo ni nini kama si sumu?

Nesi_wa_Zamu
Ni 2019, na ni saa moja, siyo mbili, kwa wa miaka miwili hadi minne. Wa chini ya hapo wasipewe kabisa. Wa miaka sita hawamo kwenye mwongozo huo, kwa hiyo Kulwa na Doto msiwabebeshe.

Ila mnaruka jambo la maana. Mtoto akiinamia tableti, macho yanamwambia umetulia, sikio la ndani linamwambia unakata kona. Ubongo hauelewi umsikilize nani, mtoto anatapika. Kitabu na kuchora ni hivyohivyo. Mpeni kazi ya kutazama mbele na mbali, dirisha liwe wazi kidogo, asishibe kupita kiasi. Na mifuko, tena siyo ile yenye matundu ya sokoni.

Msomi_Uchwara
Saa moja au mbili, hoja yangu imebaki palepale.

MpembaAsili
Sisi huku kutoka Mjini hadi Nungwi ni mwendo wa saa moja na ushei, kwa hiyo taabu yenu siijui. Lakini mbona mna vitendawili na mwahangaika? "Kuku wangu katagia miibani." Akishindwa atoe mji. Unaupokea ule mji, unausifu, unasema nilikwenda nikakaribishwa nikala, ndipo unampa jibu.

MamaNeema
Nanasi. Nilijaribu mwaka juzi, ulitusogeza kutoka Mlandizi hadi Msata. Wa kwangu alishindwa akatoa Tanga, akashindwa akatoa Mbeya, nilipomwomba Moshi akakataa kata kata. Anasema, "Moshi siwezi kutoa, ndiko tunakokwenda, tutalala wapi?"

BabaKulwa
Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Endeleeni hivi hivi.

Fundi_Rejeta
Mimi wangu nawachezesha namba za magari. Namba E, zile mpya kabisa, hazina alama, zimejaa. Namba D alama moja, C mbili, B tatu, na A ni kumi kwa sababu zinaisha barabarani, ukiiona ujue ni fuso la mbao au gari la mzee mstaafu. PT ya polisi alama tano. STK ya serikali tano. Ukiita kwanza ndiyo yako, ukikosea unakatwa. Na kila kibao cha 50 mtoto apige kelele, hapo hana alama ila baba anaokoa elfu thelathini za faini ya tochi.

Mwaka jana tulikwenda Same. Hatujafika Mombo binti yangu ana STK nne, moja shangingi limefungwa mti wa Krismasi kwenye keria. Akaniuliza, "Baba, na serikali inakwenda kwa bibi?" Nilicheka mpaka nikapunguza mwendo.

Hizo tableti za kufunga migongoni mwa viti naziona kwenye namba E tu. Sisi wa namba C tunaimba.

Mangi_Kimara
Fundi, namba E yangu inahusikaje na malezi ya watoto wako? Nimelinunua kwa jasho, sikuiba. Watu mkishindwa kununua kitu mnageuka wacha Mungu.

Fundi_Rejeta
Mkuu sijakutaja. Kumbe una tableti nyuma ya viti?

Mangi_Kimara
Ninazo mbili. Na wanangu wanaongea Kichaga, wanamsalimia bibi yao kwa heshima, na hesabu wanakokotoa. Wa kwako wanaoimba wanajua nini zaidi ya kupayuka?

Fundi_Rejeta
Wanajua namba E wanaziona zimeegeshwa Mkata boneti juu, dereva anapigia fundi simu. Fundi mwenyewe ni mimi.

Kidume_Segera
Jamani nimecheka nikamwaga chai 😂

Mtumishi_Mwadilifu
Naomba nirudi kwenye hilo la STK, maana watu mnaandika mnavyojisikia. Mimi ni dereva wa gari la umma, mwaka wa kumi na saba huu. Gari haliondoki bila kibali cha safari. Kazi hazisimami Desemba. Ukiona gari la serikali Same usikimbilie kusema linakwenda kula ndafu.

Fundi_Rejeta
Sijasema ndafu. Nimesema mti wa Krismasi. Kibali kinasemaje kuhusu mti?

Mtumishi_Mwadilifu
Huenda ulikuwa unapelekwa ofisini.

MamaNeema
Kutoka Dar? Kwenda Kilimanjaro? Mti? Huko si ndiko miti iliko?

Kidume_Segera
Na mimi niliona SM, ya halmashauri hiyo, imeegeshwa kwenye nyama choma Disemba 26. Watu wanne, watoto watano. Nao walikuwa kazini?

Mtumishi_Mwadilifu
Hujui walikuwa wametoka wapi. Mlipa kodi akiona namba tu basi ameshatoa hukumu. Mimi nimewahi kupitisha Krismasi nikiwa na shehena ya dawa, nimelala ndani ya gari, mke wangu akala peke yake na watoto. Huyo hamjawahi kumhesabu kwenye michezo yenu.

MzeeWaHale
Hapo kijana amesema kitu. Pole, mwanangu.

Fundi_Rejeta
Wa dawa nampa heshima yake. Wa mti bado nina swali naye.

Mangi_Kimara
Huyu Fundi anapenda maswali kwa kila mtu. Na Desemba ikifika kila anayesifia kuimba kwenye gari hajengi nyumba kwao, sisi ndio tunajenga.

MamaTatu
Mangi, nani ameuliza habari za nyumba? Mtu ameuliza watoto wachezeshwe nini.

Wa_Mtito
Sisi huku Kenya stori ya Mombasa tulimaliza. Tangu treni ya SGR ianze 2017, mimi sipeleki watoto na gari. Wanatembea ndani ya behewa, wanaenda choo, na kutoka Mtito Andei hadi Voi wanagandana na dirisha wakitafuta ndovu wa Tsavo. Ndovu mmoja akionekana mna amani ya nusu saa. Wasipoonekana, kelele ya kubishana kama kile kilikuwa ndovu ama kichuguu inatosha.

Kidume_Segera
Na sisi tuna treni ya Moshi, ilirudi 2019.

Wa_Mtito
Inafika saa ngapi?

Kidume_Segera
Nimesema ilirudi.

MamaNeema
Kwa basi je? Huko tableti unaificha, juu ya dereva kuna runinga, na mwenye rimoti ni kondakta. Mwanangu wa miaka minne alianza na kwaya saa kumi na mbili asubuhi, ilipofika saa nne wameweka filamu mtu anakatwa panga. Nikamwita kondakta, akaniambia, "Mama, abiria wameomba." Abiria gani? Nusu ya basi limelala! Kwa hiyo mwenye gari lake asilalamike, rimoti anayo.

Msomi_Uchwara
Kisayansi, filamu za mapigano...

Nesi_wa_Zamu
Mkuu, taja mwaka ukiwa na uhakika.

MpembaAsili
Kuna ule wa nyama nyama nyama. Mmoja anaita "Nyama ya mbuzi!", wote waitikia "Nyama!" Akiita nyama ya fisi wanyamaze, atakayeitikia katoka. Kiti cha nyuma hawawezi kuruka, basi wapige mapaja.

Mangi_Kimara
Saa kumi wanapiga kelele za nyama sikioni kwa dereva? Halafu ajali ikitokea tuseme ni mapenzi ya Mungu. Mtoto mwenye katuni ametulia, dereva anaendesha kwa akili moja. Hili hakuna aliyelisema hapa.

BabaKulwa
Hoja hiyo mama yao pia anayo, kwa kweli.

Fundi_Rejeta
Mangi, wewe ndiye ulisema watoto wako wanaongea. Wanaongea saa ngapi?

Mangi_Kimara
Wewe ni mtu wa hovyo sana. Nimemaliza.

(Hakumaliza. Amerudi mara sita baada ya hapa, zote kuhusu bei ya rejeta.)

MamaTatu
Baba Kulwa, kabla hujafunga mzigo: usiwaambie "tumekaribia". Wape miji. Kibaha, Chalinze, Msata, daraja la Wami, Mkata, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Andika kwenye kipande cha boksi, kila mji wakipita wanapewa pipi moja na wanaukata mstari. Hawatakuuliza tumefika wapi, watakuambia wao. Mimi wangu walikuwa wanagombana nani akate Korogwe, lakini huo ugomvi nauweza. Na Segera wanunulie machungwa, wamenye wenyewe kwa meno. Chungwa moja linachukua muda wa katuni moja, gari litanata, utaoga ukifika.

BabaKulwa
Asante dada. Hii naichukua yote. Ile sentensi ya malori naiondoa.

MamaTatu
Niliiona.

Fundi_Rejeta (Jumamosi, saa 4 asubuhi)
Baba Kulwa vipi huko? Namba A?

BabaKulwa (Jumamosi, saa 5 na nusu asubuhi)
Tupo Mombo, tunakula. Mrejesho. Tumetoka saa 10 alfajiri, tukapita Bagamoyo kukwepa foleni, kwa hiyo Kibaha na Chalinze zikabaki kwenye boksi hazijakatwa. Doto amelia kuanzia Msata, anataka turudi akazikate. Namba A moja, fuso la mbao kama ulivyosema. STK mbili, hazina mti. Kulwa anadai na Doto anakataa kwamba gari la kubebea wagonjwa lina alama tano, kesi haijaisha. Nyama nyama nyama imefika kwenye nyama ya bibi, nikaufunga mchezo.

Doto alitapika Wami. Nilimpa penseli achore daraja. Nesi, samahani, uliandika na nilisoma.

Nesi_wa_Zamu
Mfuko ulikuwa na matundu?

BabaKulwa
Ulikuwa nayo.

MamaTatu
Na usukani?

BabaKulwa
Kuanzia Segera anaendesha mama yao. Anapita malori vizuri kuliko mimi, na ananikumbusha hilo kwa kila lori. Mimi niko nyuma, katikati, mguu mmoja umeshakufa ganzi.

MamaNeema
Hongera sana kaka. Bila skrini hadi Mombo! Ila hii simu unayoandikia, si skrini hiyo?

BabaKulwa
Hii ni ya mama yao. Ya kwangu anayo mdogo, anamwangalia yule sungura.