Naombeni ushauri: mikoko yetu ya chuo inakufa na wageni wanakuja kuitizama

Katibu_Kijani:
Asalaam alaykum wanajukwaa. Mie mwanafunzi mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Unguja (sikitaji, msiniulize), na ni katibu wa klabu ya mazingira. Tuna mpango wa kuifanya kampasi iwe ya kijani, kila jengo lina ndoo mbili za taka, kuna mashine ya kujazia maji ili watu waache kununua chupa za plastiki, taa za sola njia ya dakhalia (bweni), na kubwa kuliko yote ni mikoko. Tulipanda 2,000 pwani karibu na chuo. Sasa mingi imekauka na waliotupa pesa wanakuja wiki tatu zijazo. Swali langu ni moja tu, mkoko ulokwisha kuwa mkubwa ukiung'oa pengine ukaupanda hapa unashika? Nijibuni haraka, silali.

UrojoMkali:
Wa kwanza leo 😂 yakhe pandeni mipapai, wageni hawajui tofauti.

Mwl_Mstaafu:
Mimi nianze na hizo ndoo mbili. Nimefundisha miaka thelathini na mbili na kila baada ya muda huja mtu na ndoo za rangi. Ya taka za kuoza huku, ya plastiki kule, watoto wanahangaika kutenganisha, halafu asubuhi linakuja lori MOJA linamimina zote pamoja kwenda jaa la Kibele. Halafu humo humo chuoni kiyoyozi kinapuliza kwenye ukumbi hauna mtu na madirisha wazi. Kijana anzeni na swichi ndo muende pwani.

BintiMalindi:
Mwalimu umenikumbusha mbali. Nyie wadogo hamjui ile Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima giza, waya unaoleta umeme kutoka bara umeharibika. Nilikuwa chuoni. Tunasoma na taa ya chemli, maji hayapandi kwa sababu pampu zinataka umeme, tunajitwika ndoo ghorofa ya tatu, nguo tunapiga pasi ya mkaa, na mahotelini majenereta yanaunguruma usiku kucha. Mpaka leo mie sitoki chumbani bila ya kuzima taa, mume wangu ananicheka ananiita bi swichi. Sijui nimefikaje huku, tulikuwa kwenye mikoko. Pole mdogo wangu.

Mpemba_wa_Wete:
Nakujibu swali lako mie maana naona hakuna anaelijibu. Haushiki. Mkoko hauatikwi kama mkarafuu. Tunda lake linaota likiwa bado linaning'inia mtini, lile refu, likianguka linajidunga topeni lenyewe. Sisi tunaliokota tunalichomeka kwenye tope, basi, hutaki kiriba hutaki kitalu. Ukiung'oa mkubwa mizizi inakatika, majani yatabaki mabichi siku kadhaa yakuhadae, halafu kwisha. Na mumepanda wapi? Mbele kabisa wimbi linapopiga ni pa mlilana na mchu, nayo ni miti ya jamii ya mikoko. Mkoko unataka nyuma kidogo penye tope zito, na mkandaa, aina nyengine, nyuma zaidi. Ukiutia mkoko kwenye mchanga mbele ushautupa. Imebaki mingapi hasa?

Katibu_Kijani:
Shukran kaka. Imebaki kama 90.

Mpemba_wa_Wete:
Tisini katika elfu mbili!! Na ripoti mumeandika ngapi?

Katibu_Kijani:
Ripoti ya nini? Mie nimeuliza kupanda tu.

BintiMalindi:
Mdogo wangu waliotoa pesa hawaji bila ya kupelekewa ripoti. Sema.

Katibu_Kijani:
Sawa. Tuliandika iliyo hai 1,800. Niliandika mie, katibu ndo anaandika. Lakini kila mtu anaandika hivyo, ukiandika imekufa mwakani hupewi kitu na zile taa za sola hazimaliziki, wasichana wanatembea gizani kwenda dakhalia. Kwa hiyo faida ni ya watu wote si yangu. Na suluhisho ninalo, kuna kijana nimempata upande wa Chwaka ananiletea mikoko iliyokwisha kuchipua vizuri, 500 kwa mche mmoja. Nshampa 200,000 ya utangulizi, pesa yangu mwenyewe ya mkopo. Tunapanda usiku.

UrojoMkali:
Yaani klabu ya mazingira inakodi mtu akang'oe msitu 😂😂😂 nakufa mie

Mwl_Mstaafu:
Upande wa Chwaka wapi? Kule sehemu kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, imetangazwa tokea 2004. Utakamatwa wewe na huyo kijana wako na hiyo ripoti yako.

Katibu_Kijani:
Jamani mie sikuuliza kama ni halali niliuliza kama itashika. Na pesa nshatoa, hairudi.

Ustadh_Mdogo:
Ndugu yangu muogope Allah. Dini yetu imetufundisha hata Kiyama kikiwa kinasimama na mkononi una mche, upande. Kupanda mti ni sadaka, ndege akila humo unaandikiwa.

UrojoMkali:
Ustadh kasema upande, hakusema uandike 1,800.

Mpemba_wa_Wete:
Mie bado kuna kitu hakinikai. Hata ukipanda vibaya hainyauki yote namna hiyo. Hebu simulia siku mliyopanda, saa ngapi, maji yalikuwaje, na ile miche ilikuja na nini.

Katibu_Kijani:
Ilikuja kwenye viriba vya plastiki. Tulikuwa kama 60, wote na fulana za klabu. Tulianza saa kumi baada ya sala ya alasiri, maji yametoka mbali kabisa tunatembea tu topeni, tukamaliza magharibi. Nakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa mwezi mpevu, tulirudi kwa miguu bila ya tochi.

Ngalawa_Mbili:
Nilikuwa nasoma tu kimya. Mwanangu, mie nimezaliwa baharini. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, na bamvua letu hapa mjini maji yanatoka saa nne asubuhi na saa nne usiku. Saa kumi alasiri yamejaa ndi. Hao watu sitini na fulana zao walikuwa wanapanda mikoko maji yakiwafika shingoni? Ama hujawahi kuiona bahari ama uzi huu umeutunga.

UrojoMkali:
HAYAAA 🔥🔥 mzee kaja na jadweli ya maji

BintiMalindi:
Na mie nimetoa historia yangu yote ya chemli hapa kwa ajili ya hadithi ya kutunga? Mungu anakuona.

PwezaWaNazi:
Mi tokea mwanzo nilijua. Hawa wanafungua uzi wapate wachangiaji tu. Mwezi uliopita kuna mmoja kasema kaolewa na jini wa Kidimni, kurasa kumi na moja watu wanampa ushauri. Mod funga.

Mwl_Mstaafu:
Mimi naona kijana ni wa kweli, anavyojitetea nimewaona wengi ofisini kwangu. Lakini swali la mzee lijibiwe.

Katibu_Kijani:
Sijatunga wallahi.

Ngalawa_Mbili:
Basi saa kumi ile umeitoa wapi?

Katibu_Kijani:
Nimeitoa kwenye ripoti.

Ngalawa_Mbili:
Na ripoti kaandika nani? Si wewe?

Katibu_Kijani:
Sikuwepo ami. Nilikuwa Pemba, harusi ya binamu yangu. Wenzangu walinitumia picha, watu wamesimama na miche mikononi, jua liko upande, mie nikakisia ni alasiri. Mwezi niliuona mie mwenyewe Pemba harusini nikautia ndani ili isomeke vizuri. 2,000 ni idadi tuliyonunua. Niliporudi nikaandika, tukapeleka. Juzi ndo nimekwenda nyuma ya dakhalia kuanika kanzu nikaikuta, viriba vimepangwa ukutani mpaka mwisho, majani yameshakuwa kahawia. Nilihesabu nikafika 600 nikaacha. Pwani sijui walipanda mingapi. Hiyo 90 niliihesabu kwenye picha.

PwezaWaNazi:
Duh.

Mpemba_wa_Wete:
Ahaa. Ndo nikasema haifi hivyo. Haijafa, haijapandwa.

BintiMalindi:
Na hao wenzako wanasemaje? Mwenyekiti?

Katibu_Kijani:
Mwenyekiti kanambia gari ilichelewa, maji yakajaa, wakapiga picha wakaondoka, watamalizia siku nyengine. Anasema saini ni yangu. Na ni kweli saini ni yangu.

Mwl_Mstaafu:
Basi kabla hujasimama mbele ya wageni, waandikie. Barua fupi. Idadi mliyonunua, idadi iliyoko pwani kwa kuhesabu, idadi iliyoko ukutani, na kwamba ripoti ya kwanza ilikosewa na wewe ndie uliyeiandika. Usimtaje mwenyekiti, atajitaja. Na usitie mwezi. Nimekaa kamati nyingi za kutoa pesa, mtu anaesema imekufa tulimuuliza kwa nini, lakini tuliekwenda tukakuta tofauti hatukurudi kwake tena.

Katibu_Kijani:
Nimeshaiandika mara mbili nimefuta. Na yule kijana nimempigia nikamwambia asitishe, kanambia 200,000 keshanunulia mashine ya boti.

UrojoMkali:
Mashine ya boti kwa laki mbili hiyo nayo uzi wake ufunguliwe.

Ngalawa_Mbili:
Iache, ni ada ya skuli hiyo. Sikiliza, Jumapili mwezi unaandama, bamvua tena. Saa nne maji yako chini kabisa, wewe njoo saa tatu uyafuate yakitoka. Tutahesabu mmoja mmoja, mie natizama ulio hai wewe unaandika. Vaa viatu vya kufunga, kuna vigae na chaza. Fulana iache nyumbani.

Katibu_Kijani:
Nakuja ami. Na ile ya ukutani je? Kama 200 bado ina majani, leo nimeimwagia maji.

Mpemba_wa_Wete:
Maji gani?

Katibu_Kijani:
Ya bomba la dakhalia.

Mpemba_wa_Wete:
Hayana neno, itastahamili. Jumapili mubebe kadiri mutakavyoweza, muitie nyuma penye tope, na viriba mrudi navyo.

UrojoMkali:
Ngoja ngoja. Dakhalia yenu bomba linatoka maji?? Mzee Ngalawa nisamehe, hapa sasa ndo naamini uzi umetungwa.