Kutoboa ukuta wa tofali za kuchoma kupitisha bomba la choo la inchi 4

ujenzi_iringa
Wakuu salaam. Kuna choo cha ndani kinaongezwa kwenye nyumba iliyokwisha. Sinki la choo ni la kukalia, tundu lake la kutolea uchafu liko nyuma, kwa hiyo bomba la PVC la inchi 4 (110 mm) litatokea ukutani moja kwa moja, katikati yake ikiwa sentimita 18 juu ya sakafu. Ukuta ni tofali za kuchoma, inchi 9, lipu ndani na nje, jumla kama sentimita 26. Fundi mmoja anataka nyundo na tindo, mwingine anasema ikodiwe mashine. Tundu liwe la kipenyo gani, na nifanyeje lipu ya nje isimeguke?

fundi_bomba
Mkuu, kodi mashine. Tindo kwenye ukuta wa inchi 9 hukupa shimo la ndoo badala ya tundu la bomba, halafu unabaki kuziba na kupiga lipu upya.

Chukua biti ya almasi ya umbo la kopo, 127 mm. Bomba la 110 likipita hapo linabaki na nafasi ya milimita 8 hivi kila upande, inayotosha kurekebisha mteremko. Ya 117 mm nayo inapitisha, lakini ukikosea kidogo tu huna pa kusogezea.

Drili iwe na klachi ya usalama (inayokata nguvu biti ikinasa), mpini wa pembeni, na mzunguko wa taratibu, kati ya 600 na 900 kwa dakika kwa biti ya ukubwa huo. Drili ndogo ya nyumbani isiyo na klachi usiithubutu: biti ikinasa ghafla, mashine ndiyo inayozunguka, na kiwiko au kifundo cha mkono kinakwenda nayo. Na zima nyundo, yaani ule mpigo wa drili yenyewe! Biti ya almasi inasaga, haipigi. Ukiiwekea nyundo meno yake yanabanduka.

Kabla ya yote zima umeme wa nyumba kwenye swichi kuu, drili ipate umeme wake kwingine. Angalia swichi na soketi zilizo karibu, maana mabomba ya waya hupanda au kushuka wima kutoka hapo.

Sasa mteremko. Bomba la inchi 4 lipe milimita 25 kwa kila mita, yaani kwenye ukuta wako upande wa nje ushuke milimita 6 au 7 tu. Kwa macho huwezi kuipata. Tumia mpira wa maji (mpira mwembamba unaoonyesha ndani, maji yake husimama usawa mmoja ncha zote mbili): upitishe mlangoni au dirishani, weka alama za usawa mmoja ndani na nje. Kisha kutoka alama hiyo pima kushuka, tuseme sentimita 40 ndani na sentimita 40.7 nje. Hapo ndipo katikati ya tundu. Kwa kushoto na kulia pima kutoka ukingo uleule wa dirisha au mlango.

Anza na biti ya kawaida ya milimita 12, urefu wa sentimita 40, itoboe mpaka nje. Hiyo unaweza kuiwekea nyundo ya drili, ila sentimita 4 za mwisho zima, uzungushe tu. Ikitokea mbali na alama ya nje kwa zaidi ya milimita 5, rekebisha sasa, si baada ya biti kubwa kuingia.

Halafu biti ya kopo ianze ndani, kiongozi chake (kile kijiti cha katikati) kikiingia kwenye kijitundu hicho. Mfereji ukifika kina cha sentimita moja na nusu, toa kiongozi cha katikati, endelea. Kila baada ya sentimita 2 au 3 ichomoe imwage vumbi. Kopo nyingi zina kina cha sentimita 15, kwa hiyo fika nusu ya ukuta, vunja kipande cha katikati kwa tindo ukitoe, kisha hamia nje umalizie kutoka huko. Ukitoboa toka nje kuja ndani kwa nusu iliyobaki, lipu ya nje haina pa kumegukia.

mwashi_wa_zamani
Naongezea moja ambalo ni muhimu kwa nyumba za kwetu. Tofali hizo zimeungwa kwa saruji au kwa udongo? Kwangua kiungo kwa msumari mahali pasipo na lipu. Kikichimbika kama mchanga mkavu, ni udongo, na hapo hata ile biti ya 12 usiiwekee nyundo ya drili kabisa. Mtikisiko unalegeza tofali tatu nne kwa mkupuo, na zile za juu ya tundu zinashuka.

Asiye na mashine ya kopo: chora duara la 130 mm, toboa vijitundu vya milimita 12 kuzunguka mstari, kila kimoja milimita 20 kutoka katikati ya mwenzake, vitakuwa kama 20. Fanya hivyo pande zote mbili, ndipo ukate madaraja yaliyobaki kwa tindo nyembamba, ukielekeza tindo ndani ya duara. Grenda haitakusaidia sana hapa; diski ya inchi 9 inaingia sentimita 6 au 7 tu, na inakata mstari mnyoofu.

Barakoa ya N95 vaeni, si kitambaa. Vumbi la tofali na saruji lina silika, na mapafu hayaisahau.

ujenzi_iringa
Asanteni sana wakuu. Viungo ni saruji. Mashine imekodiwa, kopo limeingia sentimita 7 vizuri, sasa linazunguka tu halili. Tatizo nini?

fundi_bomba
Tazama rangi ya vumbi. Likiwa jekundu bado, uko kwenye tofali na kopo limeziba: ukuta una unyevu, vumbi limekuwa tope jekundu limeganda kati ya meno. Lichomoe, lisafishe kwa brashi ya waya, uache ukuta ukauke. Likiwa la kijivu, umekutana na mota ngumu (saruji na mchanga) au zege, na almasi zimelainika. Toboa kidogo kwenye tofali la saruji lenye mchanga mwingi, linakwangua chuma kinachoshika almasi na kufichua almasi mpya. Ukiona cheche au unga wa chuma, acha mara moja, hiyo ni nondo, na nondo haikatwi bila kujua inabeba nini.

Kipande kikinasa ndani ya kopo, kitoe kwa kusukuma bisibisi kwenye matundu ya ubavuni. Usiligonge kopo kwa nyundo, likipinda halizunguki tena sawasawa.

mwashi_wa_zamani
Mkishapitisha, kiungo cha gundi kisibaki ndani ya ukuta, kikivuja hamtakiona. Mwageni ndoo nzima ya maji kwenye sinki kabla ya kuziba. Kisha jazeni nafasi kwa povu la kuzibia, likatwe likikauka, ndani mfunike kwa mota nyepesi na nje mzungushie silikoni. Msibane bomba kwa saruji tupu, PVC hurefuka na kufupika kwa joto, na saruji itapasuka mduara mzima.