Mafundi hawapumziki, oda zinachelewa: naombeni ushauri

Mshonaji_K: Wakuu, salaam. Nina kiwanda kidogo cha kushona mashati. Wakataji wanakata 70 kwa siku, washonaji wanakimbizana nao, hakuna anayekaa bure. Lakini mteja niliyemwahidi siku 7 anapata mzigo baada ya wiki mbili na ushei. Nafikiria kuongeza cherehani mbili na washonaji wawili. Mnaonaje?

Babu Stoo: Usinunue kitu kwanza. Zunguka humo ndani uone mashati yamelala wapi. Yanaporundikana ndipo panapobana.

Mshonaji_K: Nimetoka kuangalia. Kwenye mashine ya matundu ya vifungo magunia yamefika dirishani, kama mashati 600. Mashine ni moja, inatoa 40 kwa siku.

Hesabu_Tu: 600 gawanya kwa 40 ni siku 15, tena hiyo ni foleni ya mashine moja tu! Mtafiti wa Marekani, John Little, aliithibitisha hesabu hii mwaka 1961: wastani wa muda wa kusubiri ni kazi iliyomo ndani gawanya kwa kasi ya kutoka. Ukiongeza washonaji unakuza rundo, shati la ziada halitoki. Simamisha kukata mpaka yabaki mashati kama 120, ambayo ni foleni ya siku 3, kisha kata 40 kwa siku. Ila oda zikiingia zaidi ya 40 kwa siku, foleni itahamia kwenye daftari la oda. Hapo ndipo mashine ya pili ya matundu inapokuwa na hoja.

Chui Mpole: Kwenye karatasi ni tamu. Wakataji wakae tu huku wanalipwa?

Mshonaji_K: Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Nawalipa kwa kipande. Nikiwazuia watagoma.

Babu Stoo: Ndiyo maana hawasimami, unawalipa wajaze magunia! Lipa timu nzima kwa mashati yaliyopakiwa tayari kwenda kwa mteja. Na mikono iliyobaki ina kazi. Mmoja akague mishono kabla ya shati kufika kwenye matundu, maana shati bovu likipita pale limekula nafasi ya zima. Mwingine afundishwe kuiendesha ile mashine ili isizimwe saa ya chakula. Kama siku yenu ni saa 8 za kazi, saa hiyo moja ni mashati 5.

Chui Mpole: Kwa hayo malipo nakubali. Ila siku hizi za kusimama wape kima cha chini, wasije wakaondoka na ujuzi wao.

Mshonaji_K: Nimewaelewa. Cherehani nimeghairi, kesho nakaa nao kabla ya kuwasha mashine. Hiyo ya pili ya matundu, ya mtumba inafaa?

Hesabu_Tu: Inaweza kufaa, ukiijaribu kwa kitambaa chako mwenyewe. Lakini tuletee kwanza hesabu ya oda zinazoingia kwa siku.