Naomba ushauri: mwanakikundi wetu wa kilimo hai amepulizia sumu

Wakuu, habari za leo. Mimi ni bwana shamba kwenye shirika dogo lisilo la kiserikali, milima ya Uluguru, Morogoro. Wakulima wetu wanakaguana wenyewe kwa wenyewe ili mazao yauzwe kwa nembo ya Kilimohai, yaani alama ya mazao yaliyolimwa bila sumu wala mbolea za viwandani.

Wiki iliyopita tulikuta chupa ya kiuatilifu nyuma ya banda la mama mmoja. Hakuficha. Viwavijeshi vamizi vilishaingia kwenye moyo wa mahindi yake, majani yametobokatoboka. "Mwanangu, nimetwanga mwarobaini na pilipili siku tatu, hawafi. Wajukuu wangekula nini?"

Sasa wenzake wanataka atolewe, maana mnunuzi akisikia tunaumia wote. Roho inaniuma. Huyu ndiye aliyewafundisha kutengeneza mboji na kuchimba matuta ya ngazi. Na alipopiga simu kuomba msaada, sisi tulichelewa wiki mbili, pikipiki ilikuwa mbovu.

Mliowahi kusimamia vikundi, kesi kama hii mliimalizaje bila kupoteza imani ya wateja? Kumrudisha kwenye kipindi cha mpito, yaani asubiri kwanza kabla shamba lake halijatambuliwa tena kuwa la kilimo hai, kunatosha? Na kiwavi akishazama ndani, kuna dawa ya asili iliyowafaa kweli, zaidi ya kutia majivu na mchanga?