Ulinganisho: tiketi ya msimu, ada ya lazima, au bure kwa kitambulisho? Mliosoma vyuo vya Marekani nisaidieni

Mkaa_Bwenini (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nasoma uzamili kwenye chuo cha umma huku katikati ya Marekani. Ni chuo cha kawaida, si vile vinavyoonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi. Nimo kwenye baraza la wanafunzi na karibuni tunapigia kura pendekezo la idara ya michezo. Mpaka leo mwanafunzi anaingia mechi za futiboli (nazungumzia hii yao ya kofia ngumu na kubeba mpira mkononi) kwa kuonyesha kitambulisho tu. Sasa wanataka kulipisha, na wameleta njia tatu mezani:

Tiketi ya msimu dola 90 kwa mechi 6 za nyumbani, anayetaka anunue. Au dola 20 getini kwa kila mechi. Au ada ya michezo dola 60 kila muhula, inaingia kwenye bili ya kila mwanafunzi, halafu uwanjani unaendelea kuingia na kitambulisho kama zamani.

Sababu wanayotoa ni ile inayosikika nchi nzima. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maridhiano ya kesi ya House (wachezaji walioshtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo), na tangu hapo chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Sisi hatufiki huko hata kwa ndoto, ila upepo ukivuma kila mtu anashika kofia yake.

Nataka kujua mambo mawili kutoka vyuo vyenu: mwanafunzi anaumia kiasi gani, na jukwaa la wanafunzi linajaa au halijai. Nawasilisha.

---

Sokwe_Mtu

Bure iendelee. Uzi ufungwe.

---

JamaaWaThika

Mimi nilikuwa Ann Arbor miaka ile ya vurugu, kwa hivyo acha nikupe hadithi ya Chuo Kikuu cha Michigan kilicho pale, kwa sababu ni somo zima la namna ya kuharibu kitu kilichokuwa kikijiuza chenyewe.

Uwanja ule unabeba watu 107,601. Tangu Novemba 1975 walikuwa wanajivunia kwamba kila mechi ya nyumbani inapita watu 100,000. Wanafunzi walikuwa na jukwaa lao, tiketi za msimu, kila mtu na kiti chake, na waliokaa chuoni muda mrefu ndio walipata viti vizuri. Mwaka 2013 mkurugenzi wa michezo wa wakati huo, Dave Brandon, akaondoa viti maalum: anayewahi ndiye anayekaa mbele. Alisema anataka watu wafike mapema. Wakati huohuo bei ikapanda hadi karibu dola 300 kwa msimu. Na timu yenyewe ilikuwa inachapwa.

Wanafunzi hawakuandamana kwanza. Waliacha tu kununua. Maelfu ya tiketi za wanafunzi yakabaki. Kufikia Septemba 2014 kukawa na tangazo kwamba ukinunua soda mbili za Coca-Cola unapewa tiketi mbili za mechi ya Minnesota. Soda mbili, dola tatu! Wenyewe baadaye wakasema ilikuwa makosa, lakini mtu aliyelipa mamia ya dola mwezi mmoja nyuma unadhani alijisikiaje? Mwisho wa Septemba wanafunzi wakaenda hadi nje ya nyumba ya rais wa chuo. Oktoba ikatangazwa kwamba tiketi ya msimu ujao itashuka hadi dola 175, na tarehe 31 ya mwezi huohuo Brandon akajiuzulu.

Kwa hivyo swali lako la "anaumia kiasi gani" naligeuza. Mwanafunzi anaweza kulipa, hata nyingi, akiona anaheshimiwa. Akiona anachunwa anabaki chumbani na kutazama kwenye simu, na kiti tupu hakinunui soda wala fulana.

---

BintiMakorora

Kaka Mkaa, mimi nipo Texas A&M na huku ni dunia nyingine kabisa, sijui kama itakusaidia.

Huku unanunua pasi ya michezo ya mwaka, lakini pasi peke yake haikupi kiti. Wiki ya mechi lazima uende dirishani kwenye uwanja wa Kyle Field uchukue tiketi yako. Jumatatu wa mwaka wa nne na sisi wa uzamili, Jumanne wa tatu, Jumatano wa pili, Alhamisi wa kwanza. Mtu mmoja anaweza kuwachukulia wenzake, basi unakuta makundi yanagawana zamu, wengine wanalala pale nje na mahema. Mechi kubwa, mwaka wa kwanza wanaambulia viti vya juu kabisa karibu na mawingu. Wanafunzi hawakai chini tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni mila yao tangu hadithi ya mchezaji mmoja wa 1922 aliyesimama pembeni tayari kuingia akihitajika.

Kwa hiyo jukwaa linajaa, na wanalipa. Ila usidanganyike ukafikiri ni mfumo wa dirisha ndio unaojaza. Ni imani. Ukichukua utaratibu huu ukaupeleka kwenye chuo ambacho watu hawana mapenzi hayo, utapata foleni ya watu wanne na mlinzi.

---

Sokwe_Mtu

Alabama nako wana tiketi na uwanja wa watu laki moja, na bado kocha Nick Saban alikuwa analalamika kwamba wanafunzi wanaondoka kabla mechi haijaisha. Mwaka 2019 wakaleta programu ya simu inayofuatilia kama bado upo uwanjani. Kufika tu unapewa pointi 100, ukikaa hadi robo ya nne, ile ya mwisho, pointi 250 nyingine, na pointi zinakupa nafasi ya mbele kwenye tiketi za mechi kubwa.

Yaani umelipa halafu unasimamiwa kama mtoto wa bweni.

---

Mzee_Kibuyu

Vijana, hamjambo. Mimi sisomi, mimi ndiye ninayelipa. Binti yangu yuko chuo kimoja Virginia, na naomba niwaonyeshe jambo ambalo nyote mmelipita.

Mkaa, soma tena ulichoandika. Dola 60 kwa muhula ni dola 120 kwa mwaka. Tiketi ya msimu ni 90. Wanasema ada ndiyo "inaendelea kama zamani", kumbe ni ghali kuliko tiketi hiyo, na haikuulizi kama unapenda mpira. Ada ya lazima ni kama mchango wa harusi: usiende kula pilau, pesa yako imeshaliwa.

Virginia tunalijua hili. Pale James Madison ada ya michezo peke yake inazidi dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, acha karo, acha bweni. Mambo yalifika mahali bunge la jimbo mwaka 2015 likatunga sheria ya kuweka kikomo cha sehemu ya bajeti ya michezo inayoweza kutoka kwenye ada za wanafunzi. Chuo cha daraja la chini kidogo la futiboli kikomo chake asilimia 70, cha daraja la juu kisicho kwenye ligi kubwa asilimia 55. Sikilizeni hiyo namba: serikali inaingilia ili mwanafunzi *asizidi* kubeba nusu na ushee. Na huko Clemson, ambako timu ina fedha na vikombe, wameanzisha ada ya dola 150 kwa muhula tangu 2025, sababu ikiwa hiyohiyo ya kulipa wachezaji.

Sasa fanya hesabu ya idara yenu. Chuo kina wanafunzi wangapi na jukwaa lenu lina viti vingapi?

---

Mkaa_Bwenini

Shikamoo mzee. Wanafunzi tuko kama 15,000. Viti vya wanafunzi 4,000.

---

Mzee_Kibuyu

Marahaba mwanangu. Basi piga. Viti 4,000 vyote vikiuzwa kwa dola 90, wanapata 360,000. Ada ya 120 mara 15,000 ni milioni 1.8. Unafikiri wanataka ipi? Hiyo tiketi ya msimu wameiweka pale ili ada ionekane rafiki.

---

JamaaWaThika

Mzee amemaliza kazi. Hiyo sikuiona.

---

Mkaa_Bwenini

Hata mimi nilikuwa nimeitazama kama suala la bei ya tiketi, kumbe karatasi nzima inazungumzia kitu kingine.

Na kuna jambo linalotugusa sisi wageni zaidi. Wengi wetu wa uzamili tunafundisha au tunafanya utafiti, na chuo kinatusamehe karo kama sehemu ya malipo. Lakini msamaha ule mara nyingi haugusi ada. Kila wanapotaka pesa bila kelele wanaongeza ada, na anayeilipa taslimu kutoka kwenye posho ndogo ni sisi. Kuna jamaa kwenye maabara yetu hajui hata uwanja uko upande gani.

---

Goma2IowaCity

Jambo bandugu. Wazazi wangu walitoka Goma, mimi nimekulia Iowa na nasoma hapahapa. Niongeze upande wa yule anayependa mpira lakini mfuko hauna kitu, kwa sababu naona mnaongea kama wanafunzi ni wa aina mbili tu, wapenzi na wasiojali.

Mshahara wa chini huku Iowa ni dola 7.25 kwa saa. Kazi za chuo nyingi zinalipa zaidi kidogo, lakini chukua hiyo. Tiketi ya dola 175 ya Michigan anayoisema Jamaa ni saa 24 za kazi kabla ya makato. Mwenye viza ya masomo anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki muhula ukiendelea, ndani ya chuo, basi. Kwa hiyo tiketi ni zaidi ya wiki nzima ya jasho, na inadaiwa Agosti yote kwa pamoja, mwezi uleule wa vitabu na dhamana ya nyumba. Si kwamba hatutaki. Inakuja wakati mbaya.

Halafu Jumamosi ndiyo siku ya zamu ndefu kazini. Mimi mechi zote siwezi, mbili au tatu naweza. Kwa mtu kama mimi kulipa getini ndiyo haki. Hesabu ya Mkaa: 20 mara 3 ni 60. Tiketi ya msimu inanifaa tu nikienda mechi 5 na kuendelea.

Na nataka kwenda, msinielewe vibaya. Mwisho wa robo ya kwanza pale Kinnick uwanja mzima unageuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa hospitali iliyo pembeni, wanatazama dirishani ghorofa za juu. Ilianza 2017. Mama yangu haelewi mchezo hata kidogo lakini hilo analijua na kila mara ananiuliza kama nilipunga.

---

BintiMakorora

Goma, kulipa getini kuna ubaya wake. Mechi dhidi ya mahasimu itajaa, ile dhidi ya timu dhaifu saa tano asubuhi kwenye mvua mtakuwa mia mbili. Idara inayaona hayo na mwaka unaofuata wanapunguza viti vya wanafunzi wanavipa wafadhili. Na vikishaondoka havirudi. Tiketi ya msimu angalau inawalinda: mmelipia, viti ni vyenu.

---

Goma2IowaCity

Kweli dada. Lakini basi wauze nusu msimu, mechi tatu za kuchagua. Nani amesema lazima iwe zote au moja?

---

JamaaWaThika

Nusu msimu inafaa, mradi waangalie ulanguzi. Tiketi ya bei ya mwanafunzi ikiwa kwenye simu inauzwa upya dakika moja. Mtu ananunua kwa 90, anauza ile mechi kubwa moja kwa bei ya tiketi zote sita, mechi nyingine hata haendi. Kwetu dawa ilikuwa kwamba tiketi ya mwanafunzi inafanya kazi na kitambulisho, na ukimpa asiye mwanafunzi lazima ilipiwe nyongeza. Usilisahau hilo kwenye pendekezo. Ukilisahau, wao watalitumia kusema "mnaona, wanafunzi wenyewe wanafanya biashara."

Na usikubali "bei itapitiwa kila mwaka" bila baraza kuwa na kura. Tennessee mwaka 2024 walitangaza nyongeza ya asilimia 10 juu ya tiketi za msimu na kuiita ada ya vipaji. Hiyo ilikuwa ya mashabiki wa nje, lakini unaona jinsi mlango unavyofunguliwa.

---

Sokwe_Mtu

Bado nasema bure. Wanafunzi ndio kelele, ndio bendi, ndio picha ya televisheni. Watulipe sisi.

---

Mkaa_Bwenini

Sokwe, ningekuwa na kura 40 ningekubaliana nawe. Ninayo moja, na nimehesabu: pendekezo la kukataa kila kitu halipiti.

Nitakachopeleka ni hiki. Ada ya lazima hapana, na hesabu ya mzee nitaiandika ubaoni kabla mtu yeyote hajazungumza. Viti 4,000 vibaki vya wanafunzi kwa maandishi. Tiketi ya msimu iwepo kwa 90 na ilipwe kwa awamu mbili, Agosti na Oktoba. Pakiti ya mechi tatu kwa 45, unachagua mwenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waingie mechi ya ufunguzi bure, maana asiyewahi kuingia hawezi kupenda. Kitambulisho getini. Bei isipandishwe bila kura ya baraza.

Getini dola 20 nimeiacha kwa viti vitakavyobaki tu. Dada Makorora amenishawishi hapo.

---

Mzee_Kibuyu

Vizuri. Ila watakuja na hoja ya pili: "basi tutafunga timu ya kuogelea." Waombe kwanza bajeti ya idara, mstari kwa mstari, mishahara ya makocha ikiwemo. Chuo ni cha umma, mna haki ya kuiona. Iombe leo, usisubiri siku ya kikao.

---

Mkaa_Bwenini

Barua naiandika usiku huu, mzee.