Wanafunzi katika Msitu wa Arabuko-Sokoke: tutafute nini?

Mwalimu wa Kisauni
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nakusudia kuwapeleka wanafunzi kumi na wawili wa chama chetu cha mazingira katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, tukitoka Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo. Watoto wamezoea simba wa kwenye televisheni, nami nachelea wasije wakarudi wakisema hawakuona kitu. Tufike saa ngapi, na tutafute nini hasa?

Mkaazi wa Gede
Waalaykum salaam, Mwalimu. Tembo wamo, lakini msitu ni mnene na una kilomita za mraba zipatazo 420, kwa hiyo tembo si wa kumwahidi mtoto. Waelezee sange. Ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia na kiuno cha rangi ya dhahabu, na aina hii haipatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya pwani ya Kenya. Huchakura majani makavu akitafuta wadudu, hivyo mtamsikia kabla ya kumwona, mradi watoto wanyamaze. Akishtuka hukimbia kwa kasi ya kustaajabisha, na kiuno kile ndicho kitu cha mwisho mtakachokiona. Ondokeni mara baada ya swala ya alfajiri, kwani jua likipanda hata ndege hunyamaza.

Niliyewahi kutembeza wageni
Naongeza moja: msiingie bila mwongozaji. Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita kama 16 tu, na mchana hulala ndani ya vichaka vya eneo la udongo mwekundu, akifanana kabisa na jani kavu. Nimewaona watu wazima wakimtazama bila kumwona. Akionekana, tafadhali mwalimu, watoto wasimsogelee wala wasimpige picha kwa mwanga wa kamera. Mvua ikinyesha, udongo huo hunasa magari. Siku hiyo tembeeni kwenye sehemu ya msitu yenye miti ya mirihi, ambako chini ni mchanga mweupe.

Mwalimu wa Kisauni
Ahsanteni sana. Adhuhuri, joto likizidi, tupitie wapi?

Mkaazi wa Gede
Piteni kwenye mradi wa Kipepeo hapa Gede, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi hadi wawe pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kugeuka vipepeo, na pupa hao huuzwa ng'ambo. Waulizeni wafugaji wenyewe viwavi wao hula majani ya miti gani, na miti hiyo huota wapi.