Opereta wa mashine kiwandani: tuwapeleke vijana wetu huko au tuwakataze?

Zamu ya Usiku:

Wakuu, heshima kwenu. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mjadala huu unazuka kwenye kila ukoo. Kijana kapata daraja la nne, ada ya kuendelea haipo, na kuna mjomba mwenye mtu wake wa kumwingiza kiwandani akajifunze mashine. Nusu ya ndugu wanasema aende, kazi ni kazi. Nusu wanasema mashine zinakuja kujiendesha zenyewe, kijana atarudi nyumbani mikono mitupu na mgongo mbovu. Nataka tuliamue hapa.

Mimi ni opereta, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Roboti haimtishi opereta wa Kitanzania leo. Mkono wa roboti unanunuliwa kwa dola, spea zake zinaagizwa, fundi wake anapandishwa ndege, wakati getini kila alfajiri kuna foleni ya watu wanaotaka siku moja tu ya kazi. Mwenye kiwanda anajua kupiga hesabu. Kinachomuua opereta ni kwamba ujuzi wake hauna karatasi, na kisicho na karatasi hakina bei.

Chukueni chupa za maji. Mashine ya kupulizia inapokea prifomu, kile kijichupa kinene cha plastiki, inaipitisha kwenye taa za joto, kisha upepo wa presha kubwa unaifutua ndani ya moldi, yaani kalibu ya chuma yenye umbo la chupa. Chupa ikitoka na weupe unaong'aa kitakoni, prifomu iliingia baridi. Ikitoka na ukungu wa maziwamaziwa, imepikwa mno. Asubuhi stoo ikiwa na ubaridi taa zinapandishwa, saa nane mchana bati likichemka zinashushwa, na umeme ukiyumba unaanza upya. Opereta mzuri anaokota chupa, anaiinua kwenye mwanga, anagusa taa moja tu kati ya zote, mambo yanakaa sawa. Hayo hayajaandikwa popote. Yako kichwani mwa mtu anayelipwa kama mbeba katoni.

Sasa zimeingia mashine mpya. Ile ya nusu-otomatiki tunayoilisha kwa mkono inatoa chupa elfu moja na kitu kwa saa. Mpya inatoa karibu mara kumi, na kamera yake inaitupa chupa mbovu bila kumuuliza mtu. Walipokuwa maopereta wanne na wasaidizi wao, anabaki mmoja na skrini. Kazi imepungua, hilo silibishii. Nabishia namna ya kumchagua huyo mmoja. Kwa niliyoyaona, anabaki kijana mwenye cheti cha umeme wa viwandani, na aliyezijua chupa kwa macho anapelekwa kufunga katoni.

Halafu kuna ukibarua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Muulizeni mtu anayeandikwa upya kwenye daftari la getini kila siku, mwaka wa tatu sasa, kama anaijua rangi ya hiyo asilimia 5.

Hoja yangu: opereta aliyekaa kwenye mashine muda wa kutosha apimwe na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, palepale kazini, apewe cheti, na iwe marufuku kumweka mtu wa namna hiyo kwenye daftari la vibarua. Hapo ndipo nitamwambia mpwa wangu aende. Semeni.

Mtoto wa Keko:

Mkuu umeandika vizuri lakini umeipita pesa kwa mbali. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha viwanda na biashara sh 150,000 kwa mwezi. Kwenye amri hiyohiyo taasisi za fedha zikawekewa 592,000. Najua Januari 2026 viwango vimepanda tena. Toa nauli, toa chumba, toa wali maharage wa mama ntilie pale nje ya geti, kisha niambie huyo mpwa wako ataoa lini.

Mimi nilikuwa kiwanda kimoja cha plastiki. Mashine ina mlango wa usalama, ukiufungua inasimama. Fomeni akaona tunapoteza muda, akaunganisha swichi kwa waya ili izunguke hata mlango ukiwa wazi. Mwenzangu aliacha vidole viwili mle ndani. Mtaniambia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ipo tangu 2015. Ipo, ila ajali lazima iripotiwe, na mtu wa daftari anaripotiwa na nani? Waliokuwepo waliambiwa waseme alikuwa mgeni aliyekuja kutazama. Sasa hivi nina bodaboda ya mkataba, na nalala na hela mfukoni.

Dada wa Utawala:

Mimi ndiye yule mnayemsema, nakaa ofisini. Waya kwenye swichi ni uhalifu, sina cha kutetea hapo, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, ikikuta hivyo inafunga mashine na iko sahihi.

Kuhusu mafunzo lakini, msikilize na upande wetu. Nikimgharamia opereta, akiiva tu, jirani ng'ambo ya barabara anamwongezea elfu hamsini na anaondoka. Mwajiri akishaungua hivyo mara mbili haelewi tena neno mafunzo. Wakati huohuo tunalipa tozo ya ujuzi, SDL, zamani asilimia 6 ya mishahara yote, ikashushwa kidogokidogo hadi 3.5 mwaka 2023. Sehemu ndogo ndiyo inayokwenda VETA, kubwa inaingia mfuko mkuu wa serikali. Tukisema fedha ya ujuzi wa wafanyakazi haionekani kwa wafanyakazi, tunaambiwa tunakwepa kodi.

Cheti nacho kisiwapofushe. Nimepokea vijana wenye NVA, cheti cha taifa cha ufundi stadi, ngazi ya tatu wanaoogopa kufungua kava la mashine. Ninayemtafuta anavuka ukuta wa lugha: mashine inashuka na menyu ya Kichina, kitabu cha Kiingereza cha kubahatisha, mtaalamu wao anakaa siku chache, anafunga begi. Atakayekumbuka alibonyeza wapi ndiye mfalme. Na mara nyingi, Zamu ya Usiku, huyo ni opereta mzoefu. Tatizo lake anaficha. Hataki kumwonyesha mwenzake, maana anajua siku akimwonyesha, amejifukuzisha.

Zamu ya Usiku:

Anaficha kwa sababu ndiyo mkataba pekee alionao, dada.

Mzee Mfumaji:

Wanangu, hamjambo. Mimi ni wa nguo. Urafiki pale Ubungo ilifunguliwa 1968, Wachina wakitusaidia, na kulikuwa na Mwatex kule Mwanza na nyinginezo. Kiwanda changu sikitaji, wengine bado tunadaiana.

Enzi zetu karatasi hiyo anayoililia mwenzenu ilikuwepo. Kulikuwa na majaribio ya ufundi, daraja la tatu, la pili, la kwanza, na ukipanda daraja uliona kwenye bahasha. Ila kilichotokea miaka ya 1990, viwanda vilipofungwa na kubinafsishwa, hakuna aliyekigusa hapa. Sisi wafumaji tulitoka na ujuzi wa mashine za kibao, zile za kurusha uzi huku na huku kwa kishindo hadi wengi wetu masikio yakafa. Hakuna kiwanda kingine kilichozitaka. Waliokuwa karakana, mafundi umeme, wachonga vyuma, wachomeleaji, hata mwezi haukuisha wakawa wameshapata pa kujishikiza. Sisi tulifungua marobota ya mitumba. Wote tulikuwa na vyeti. Vyao vilisema umeme, vyetu vilisema mashine fulani ya kiwanda fulani.

Kwa hiyo mpwa aende, lakini asikae upande wa mbele wa mashine peke yake. Ikiharibika asiende kuvuta sigara, amshikie fundi spana.

Mtoto wa Keko:

Shikamoo mzee. Hapo kwenye spana umenena. Ila kwetu opereta akigusa spana fomeni anamwuliza umeajiriwa na nani.

Wa Athi River:

Majirani, hamjambo huko. Huku kwetu Kenya ukisema opereta, watu wengi wanafikiria mama wa cherehani kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje. Unashona kipande kimoja tu: mimi mfuko, mwenzangu zipu, na kuna targeti ya kila saa inayoandikwa ubaoni mbele ya kila mtu. Roboti haijaweza vizuri kushika kitambaa kinachoteleza na kujikunja, hivyo haitutishi sana. Kinachotutisha ni Washington. AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ilipofika mwisho wake Septemba 2025 bila kuongezwa wakati huo, kila mmoja alikuwa anasikiliza redio kujua kama kandarasi yake itafanywa upya. Sasa niambieni, cheti kingenisaidia nini hapo? Mnunuzi akihama, anahama na wenye cheti na wasio nacho.

Na msiseme mashine haziwezi kuzusha vita. Mei 2023 kule Kericho vijana walichoma mashine za kuchuma chai wakidai zimewanyang'anya riziki. Kikundi kidogo chenye mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi wa mkono. Na yule anayeiendesha naye ni mtoto wa palepale. Kwake ni kazi yenye malipo bora, kwa jirani zake ni msaliti. Mnapomshauri mpwa ajifunze mashine mpya, mwambieni pia atakuwa amesimama wapi siku hiyo.

Zamu ya Usiku:

Wa Athi River, hilo la mnunuzi sina jibu lake, na nadhani hakuna cheti chenye jibu lake. Lakini viwanda vingi vya huku kwetu, maji, sabuni, unga, mabati, ndoo, vinauza kwa Watanzania wenyewe. Huku anayeamua hatima ya opereta ni tajiri na mkaguzi wa kazi, wote wanafikika kwa daladala.

Keko, bodaboda ya mkataba si yako mpaka umalize mkataba, na ukianguka hakuna hata daftari la getini. Usiniuzie hiyo kama kesho.

Mzee, nimekuelewa, na nimeiboresha hoja yangu kwa maneno yako: upimaji uhusu kuseti na kutafuta hitilafu, mambo anayoweza kwenda nayo kiwanda chochote. Kubonyeza kitufe kusitolewe cheti. Huo mpango wa serikali wa kurasimisha ujuzi umezoea waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi. Uingie kwenye sakafu ya kiwanda. Na wakati tunasubiri, ada ya chuo cha VETA cha serikali ni 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa, na kozi fupi za jioni zipo. Opereta anayejua sensa, yaani vihisio vya mashine, motokaa ya umeme na mashine yake kwa pamoja hafukuziki kirahisi.

Mtoto wa Keko:

Motokaa tena? Sema mota, mkuu. Na hiyo kozi ya jioni inasomwa saa ngapi? Zamu ya mchana inatoka saa 12, kutoka Mbagala hadi Chang'ombe kwa foleni ile darasa limeshaisha.

Dada wa Utawala:

Zamu zinapangika mtu akiomba. Ninao wawili wanaosoma, nimewaweka usiku moja kwa moja, na asilimia 5 yao inaonekana kwenye slipu.

Mtoto wa Keko:

Usiku kazini, jioni darasani. Wanalala saa ngapi, dada? Na hao ndio utakaowasimamisha mbele ya ile mashine yenye mlango?